Aliyetuzika Kabla Hatujapanda Daraja

Tangu timu yetu ipande Ligi Kuu sijatulia. Nakaa barazani, nainuka, nakwenda mpaka kona ya barabara, narudi, naulizwa nimesahau nini. Mke wangu anasema ni presha, nipunguze chumvi. Chumvi haihusiki. Kinachonikosesha raha ni nyinyi, vijana wangu wa tawi la mashabiki wa Ukungu Rangers, na ile safari yenu ya sokoni kwa Mzee Pius. Kesho jioni tunacheza mechi ya kwanza nyumbani, na kabla hamjajipaka rangi usoni nimeona niwaandikie haya. Zuhura, katibu wenu, ameahidi kuyachapa na kuyaweka kwenye grupu. Yasomeni mpaka mwisho, msiishie kuweka dole gumba.

Mnaniita Babu Spika, na wengi wenu hamjui jina hilo limetoka wapi. Mimi ni Shomari, na kazi yangu tangu ujana ilikuwa gari la matangazo. Mtoto akipotea Mji Mpya, niliitwa mimi. Maji yakikatika Kihonda, mimi. Chanjo, mnada, mkutano wa hadhara, kwaya kutoka Dodoma, vyote hivyo vilipita mdomoni mwangu. Na kila Ukungu ilipocheza nyumbani nilizunguka mji mzima tangu asubuhi, honi mbili zimefungwa juu ya pikapu, betri miguuni, maiki imefungwa leso ili isikorome.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, ambaye yeye alianza kwa baiskeli na bati lililokunjwa kama faneli. Alikuwa mkali. Siku ya kwanza alinisikiliza nikitangaza mechi, akaniambia, "Mdomo una kazi mbili, kula na kuita. Wako umezoea ya kwanza." Akanifundisha kwamba mtu hasikilizi tangazo mpaka limefika katikati, kwa hiyo jina la mahali liwe mwisho kabisa, libaki masikioni wakati gari limeshakata kona. Akanifundisha kupunguza mwendo penye kona na kuongeza penye ukuta mrefu, maana ukuta haununui tiketi. Ukiona turubai la msiba, zima. Si kupunguza sauti, ni kuzima, na ikiwezekana ushuke uwape watu pole.

La milimani nilijifunza mwenyewe kwa kuaibika. Mara ya kwanza kupeleka tangazo njia ya Mgeta niliongea kama niko stendi ya Msamvu nagombania abiria. Kule mlima unarudisha kila neno, na neno linalorudi linakutana na linalokwenda, yanagongana. Hakuna aliyeelewa kitu. Watu waliacha majembe wakateremka mpaka barabarani, akina mama wameshika vichwa, wananiuliza nani amekufa. Nilikuwa natangaza chanjo ya kuku. Mzee Kibwana alicheka siku nzima, halafu akasema, "Kule sema neno, nyamaza, uache mlima umalize, ndipo useme lingine." Sasa nasikia magari yenu yanayotangaza kwa flashi. Sauti ni ya binti mmoja wa Dar aliyerekodiwa na muziki chini, na dereva anachezea simu. Juzi moja limepita mbele ya msiba hapa mtaani kwetu likishangilia ofa ya mabati. Dereva hakuwa na habari kabisa.

Lakini nimetoka nje ya mada. Nilisema sijatulia, na nikiwa sijatulia naongea sana.

Siku ile mlipokuja nyumbani kwangu, mlikuwa na furaha mpaka mkasahau kuvua viatu. Zuhura ndiye aliyesema kwa niaba yenu. "Shikamoo babu. Babu, sisi tumekaa kama tawi tukaona, watu walituchukulia poa sana. Tunataka siku ya mechi utoe zile spika zako uzunguke mjini, uwataje wote waliotubeza, mmoja mmoja. Tunaanza na yule mzee wa kabichi."

Nikauliza kwa nini tuanze na yeye.

"Yule alituzika, babu. Video ipo."

Mkanionyesha video mbili kwenye simu. Ya kwanza niliijua, nami nimo ndani yake, nimesimama nyuma na kofia yangu. Ya pili ilikuwa yenu. Mmeingia sokoni na ngoma na mavuvuzela, mmebeba gogo la mgomba limefungwa sanda, limeandikwa PIUS kwa makaa. Mnalitupa juu ya meza yake ya kabichi, mnacheza, mnapiga picha, mnaondoka. Watu wanashangilia. Yeye ameketi.

Nikauliza, "Akasema nini?"

Mmoja wenu akajibu kwa fahari, "Hakusema kitu. Tulimnyoosha, babu. Kimya."

Nikawarudishia simu yenu. Nyinyi mliona mtu aliyeshindwa. Mimi nimemjua Pius tangu tuna meno yote, na sijawahi kumwona amekosa jibu. Tangu siku hiyo hajaonekana sokoni. Mkwewe ndiye anayeteremsha kabichi.

Basi nianze na jambo ambalo mlipaswa kulijua kabla ya kubeba lile gogo, na najua si kosa lenu, maana wengine wazazi wenu wametoka Gairo, wengine Mikese, na hata sisi wenyeji tumeacha kuwaambia watoto wetu. Ukoo wa Pius na ukoo wangu ni watani. Yeye ni Mkatoliki wa mlimani Mgeta, mimi ni Mwislamu wa mjini, lakini utani wa koo za Waluguru hauangalii unasali wapi. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na wewe huna ruhusa ya kukasirika, ila kumrudishia. Na akifa mtu kwenu, yeye ndiye anayekuja mbele. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, atalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, atawachekesha waliofiwa katikati ya kilio chao wenyewe. Halafu atashika jembe na kufukia. Watu wangu wengi wamefukiwa na Pius. Mama yangu alifukiwa na Pius.

Sasa huyu bwana alikuwa akija sokoni na mzigo wake, na kila siku ya mechi mimi nilipita pale. Nilikuwa nasema tu, "Leo jioni Ukungu Rangers," yeye anadakia kutoka mezani kwake, tena bila spika, "Ukungu gani? Jua likitoka saa nne haupo!" Soko linaangua kicheko. Nasema, "Msimsikilize huyu, timu yake ni kabichi, na yenyewe inafungwa na viwavi." Anasema, "Nendeni mkaone maiti wakikimbia." Hivyo mpaka koo linakauka. Mwanzoni nilidhani ananiharibia kazi. Baadaye nikagundua kwamba siku Pius akiwa sokoni uwanja unapata watu, na siku akiwa shambani tunacheza na mbuzi wa jirani wakitutazama. Watu walikuja kuona kama ni kweli tulikuwa wabovu kiasi kile. Nikawa naegesha gari mbele ya meza yake kwa makusudi, nachokoza.

Na akishafunga biashara, alikuja uwanjani. Hilo ndilo halimo kwenye video zenu. Alikata tiketi kama mtu mwingine yeyote, akatandika gunia lake tupu nyuma ya goli la kusini, mahali ambapo mvua ikitoka mlimani inakupiga usoni, akaketi na kuanza. Alimwita kipa wetu mkunga, kwa kuwa kila mpira anaupokea chini. Alimshauri mshambuliaji mmoja arudi shule akasomee hata ufundi cherehani, miguu yake itafaa kukanyagia. Alitukana kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Waliotubeza kweli ni wengine. Kuna mchambuzi wa redio aliyesema hatutamaliza msimu, naye hakuwahi kuukanyaga uwanja wetu, na leo anatuita fahari ya mlima. Wapo na hapa mjini waliokuwa wakivaa jezi za timu kubwa na kupita mbele ya geti letu wakiziba pua, leo ndio wanaogombania viti vya kivulini, na sijasikia mmepeleka gogo kwao.

Kuna mwaka kamati ya timu ilipata katibu mpya, mtu wa kuja, hajui mambo yetu. Alimsikiliza Pius nusu mechi, akasema huyu mzee anawavunja moyo wachezaji, akaamuru azuiwe getini. Mechi iliyofuata Pius alizuiwa kweli. Hakugomba. Alizunguka nyuma ya ukuta, akapanda juu ya tofali, na kwa kuwa hakuuona mchezo aliamua kuubuni. Tukawa tunamsikia anatangaza mabao tuliyofungwa ambayo hatukufungwa. Kule ndani hakuna aliyecheka, uwanja ulikuwa umepooza kama zahanati. Mapumziko nahodha alikwenda mwenyewe kwa katibu akamwambia, "Mzee, mrudishe yule babu. Tukicheza hovyo hakuna anayetuambia." Aliporudishwa alipita mbele ya katibu na gunia lake, akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akamuuliza kwa upole kama na yeye timu imemchukua kwa mkopo.

Halafu ukaja ule msimu tulioshuka mpaka ligi ya mkoa. Siku ya mechi ya mwisho watu waliokuwepo ungeweza kuwapakia kwenye pikapu yangu. Wachezaji wamekaa chini katikati ya uwanja, wengine wanalia. Pius akaingia na gogo la mgomba begani, limefungwa shuka jeupe. Akalilaza pale katikati. Akaanza kuwaigiza mmoja mmoja, kipa anavyoanguka, beki anavyolalamikia mwamuzi, kocha anavyojikuna. Halafu akalala kando ya gogo, akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Mtunza uwanja akaenda kumkamata jogoo wake mwenyewe akamletea. Vijana wale walikuwa wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Alipoinuka akajifuta vumbi, akawaambia, "Nimewazika mimi, mtani wenu. Hakuna mwingine wa kuja kuwazika tena. Sasa kafanyeni mazoezi."

Hiyo ndiyo video yenu ya kwanza. Aliyerekodi alikata kabla ya maneno hayo ya mwisho, labda simu iliishiwa chaji.

Nilipowaeleza haya siku ile barazani, wengi mliangalia miguu yenu. Zuhura hakuangalia miguu. Alisema, "Kwa hiyo tufanye nini, babu?" Kusema kweli nilikuwa na woga ambao sikumwambia. Mimi ni mzee, magoti yangu yanalia nikiinama. Nikifa leo na Pius ameshaukata utani, nani atalala kaburini mwangu? Watanizika kimya kimya kama furushi. Nilimwambia tu, "Jumapili njoo na gari la kaka yako. Na jogoo."

Tukafunga honi juu ya gari, tukapanda njia ya Mgeta, Zuhura akiendesha. Nilipiga hesabu tufike misa ikiwa imekwisha na watu wamerudi mashambani kuangalia mboga zao. Njiani Zuhura aliniuliza kwa nini tusimpigie simu tu. Nikamwambia simu angeikata, spika haikatiki. Tulipofika kwenye ile kona iliyo chini ya shamba lake, ukungu ulikuwa unanyanyuka, matuta ya karoti na njegere yanaonekana ngazi kwa ngazi. Nikashika maiki.

"Tangazo la msiba."

Nikanyamaza. Mlima ukalirudisha. Kule juu watu wakainuka na majembe mkononi.

"Ukoo wa watani unasikitika kutangaza kifo cha Mzee Pius."

Nikangoja tena. Mama mmoja kwenye tuta la jirani alikwishaanza kucheka, maana marehemu alikuwa pembeni yake.

"Marehemu ameuawa na aibu. Ni baada ya timu aliyoizika kufufuka."

Nikangoja.

"Mazishi ni Jumamosi jioni. Marehemu anaombwa kuja kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa ni mzito na sisi wabebaji tumezeeka. Atazikwa nyuma ya goli la kusini."

Jina la mahali mwisho, kama nilivyofundishwa. Mlima ukasema kusini, kusini. Mlima mzima ulikuwa unacheka isipokuwa pale nilipopaangalia. Nakwambieni, katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kungoja jibu namna ile.

Akateremka polepole, magoti yana udongo, hakuniangalia. Alimwendea Zuhura.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniletea mgomba?"

"Ndiye mimi, babu. Tulidhani wewe ni adui wa timu."

"Adui anakaa kwenye mvua yenu kufanya nini?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Kwanza gogo lenyewe lilikuwa bichi, limenilowesha magunia yote. Kutukanwa nimezoea, binti. Lakini mlinitupia maiti mkaondoka. Hakuna aliyelala, hakuna aliyedai kitu, hakuna hata aliyenipa mkono. Nikabaki nalo pale mezani mpaka jioni, watu wananunua kabichi kwa wengine. Nikawa najiuliza, hivi Shomari yuko wapi?"

Hilo la mwisho alilisema ameniangalia mimi. Nilitaka kumweleza habari za magoti yangu, sikuweza. Nikasema tu, "Nimekuja."

Zuhura akaenda garini, akarudi na jogoo, akampa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama anavyofanya kwa bibi yake. Pius alimpokea yule jogoo, akamgeuza, akamshika kidari, akamshika paja, akafikiri.

"Amekonda sana. Huyu naye anachezea Ukungu?"

Nikamwambia hata yeye amekonda na hajachinjwa. Akasema mimi hata nikichinjwa fisi watarudisha. Zuhura alikuwa anatugeukia mmoja baada ya mwingine kama anaangalia mpira.

Lakini nilipomuuliza kama Jumamosi atakuja, akasema haji. Ana karoti za kung'oa. Alisema bila utani wowote usoni. Hatukumlazimisha. Tukaagana, tukaanza kuteremka.

Tulikuwa tumeshakata kona ya pili tuliposikia sauti kutoka juu. Hakuwa na spika, hakuwahi kuihitaji.

"Mtafungwa!" Akangoja mlima umalize. "Mtafungwa tatu!"

Zuhura akakanyaga breki. Akaniangalia macho yamemtoka. "Babu, si ndiyo anatutukana tena?"

"Ndiyo," nikamwambia. Nilikuwa nacheka mpaka nashindwa kushika mlango. "Nipe hiyo maiki." Niliyomjibu hayaandikiki kwenye grupu lenye watoto.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ni Ijumaa na bado nazunguka hapa barazani, maana sijui kesho atakuja au karoti zitamzuia. Spika zangu hazitamtaja mtu yeyote, hilo limekwisha. Nitapita mjini asubuhi nikiita watu uwanjani, na nikifika sokoni nitaegesha palepale mbele ya meza yake. Nyinyi mkiingia, ile sehemu ya nyuma ya goli la kusini iacheni wazi. Akija atatandika gunia lake na kuwaambia hamfiki Krismasi, kwamba kipa mpya ni ngazi ya kuazima na nahodha anakimbia kama aliyefungwa kamba. Msimnyamazishe. Mjibuni, na mumjibu vizuri, mmeshalipa jogoo.

Na siku nikizikwa mimi, naomba mje, mvae jezi mkitaka. Mkikuta mzee wa kabichi ameshalala kaburini mwangu na amekataa kutoka, ananitukana hata nilivyokuwa nakohoa, asiwepo kijana wa kumvuta mkono. Mpeni kuku. Na safari hii, Zuhura, awe mnono.